Nakala Isiyothibitishwa ya Tjaard Bolhuis

Jumatano mchana, siku ambayo shule hufungwa mapema, Jantine Bolhuis alikuwa akimenya viazi juu ya gazeti la bure la wiki wakati ukuta wa kompyuta, ile picha inayokaa nyuma ya aikoni, ulipogeuka mweusi na mumewe akatoweka nao. Binti yao Eeke alikuwa amekaa mbele ya skrini na glasi ya maziwa. Hakupiga kelele. Alimalizia maziwa, akapangusa mdomo kwa mkono wa sweta.

"Mama, baba amezimika tena."

"Amezimika au ameondoka?"

"Amezimika. Alikuwa katikati ya maneno."

Jantine alijifuta mikono kwenye aproni, akashika kipanya, akaitafuta ile picha ya mumewe kwenye folda yake, akabofya, na ukuta ukarudi. Tjaard naye akarudi pale pale alipokuwa, kwenye benchi la mbao mbele ya nyumba, nyuma ya aikoni, na sweta lake la bluu lililochakaa viwiko.

"...halafu unauminya mpira wa baiskeli ndani ya maji," alimalizia kumwambia binti yake. "Panapotoa mapovu, ndipo penye tundu."

"Nilikwisha kujua," alisema Eeke.

Tjaard alifariki mwezi wa Februari akiwa juu ya baiskeli, kati ya kijiji chao cha Lutjewerd na mji wa Appingedam. Upepo ulikuwa wa mbele na moyo wake haukuuweza. Alizikwa nyuma ya kanisa, watu wakanywa kahawa, wakala kipande kimoja kimoja cha keki, wakarudi makwao. Aprili, Jantine alipowasha kompyuta afanye kazi yake ya masomo ya jioni, alimkuta mumewe ukutani akizisogeza aikoni upande mmoja.

"Umeacha mafaili yamezagaa kama nguo chafu," alimwambia.

"Nilikuwa na mtihani," alijibu Jantine.

"Umefaulu?"

"Nimefaulu."

"Nilijua tu."

Tangu hapo alikaa. Picha ile ile ukiifungua kama picha za kawaida, Tjaard hatikisiki, ni mtu aliyepigwa picha basi. Ukiiweka kwenye simu ni vivyo hivyo. Aliamka tu akiwa kwenye ukuta wa kompyuta ile, ambayo aliiunda mwenyewe juu ya meza ya jikoni, skrubu kwa skrubu, na mfumo wake wa uendeshaji aliununua kihalali dukani, na kibandiko cha leseni akakibandika ubavuni mwa kasha kwa kukilainisha na kidole gumba. Kompyuta ilikaa kwenye meza ya dirishani, sebuleni. Lutjewerd watu hawafungi mapazia, anayefunga ana jambo anaficha, kwa hiyo wapita njia waliokuwa wakitembeza mbwa jioni walimwona Tjaard kutoka barabarani, wakamwinulia mkono, naye akawainulia wake.

Mwezi wa Oktoba radi ilipiga nguzo ya umeme nje ya kijiji na kuunguza bodi kuu ya kompyuta. Okko Wierenga, jirani wa mkono wa kushoto, rafiki wa Tjaard tangu utotoni, alikuja na bisibisi mdomoni, akaitoa bodi iliyoungua na kufunga nyingine.

"Diski ni nzima, shemeji," alisema. "Mzee yumo."

Mzee alikuwemo. Lakini mfumo ulipowaka uliiangalia ile bodi mpya na kuamua kwamba hii ni kompyuta nyingine, haiijui. Kwenye kona ya chini ya ukuta, kulia, karibu na viatu vya Tjaard, yakatokea maneno meupe: *Nakala hii haijathibitishwa kuwa halisi.* Na kila baada ya saa moja, mfumo uliupaka ukuta wote weusi, kwa maana mwenye nakala isiyothibitishwa haruhusiwi kuweka picha aipendayo.

Eeke alikuwa kwenye darasa ambalo watoto huanza kusoma. Mwaka huo alisoma kila kilichokuwa mbele yake, pakiti za siagi, vibao vya barabarani, majina makaburini. Ilimchukua siku mbili tatu kuyamaliza maneno ya kona, akiyaandama kwa kidole kwenye kioo.

"Baba," alisema Jumatano ile, "wewe si halisi?"

Tjaard aliinama akayatazama. Kwa upande wake yalisomeka kinyumenyume.

"Wanasema hawajathibitisha," alijibu. "Si kitu kile kile."

"Lakini bibi anasema ni kitu kile kile."

Hapo ndipo Jantine alipoweka kisu cha viazi chini.

Bibi alikuwa Frouwke Bolhuis, mama yake Tjaard. Tangu Aprili alikuwa akija kila Jumapili baada ya ibada, na huku supu ikichemka alimpa mwanawe habari za kanisani: nani kaimba nje ya sauti, mchungaji kahubiri mpaka watoto wakalala. Walicheka pamoja. Mara moja Jantine aliwakuta wanaimba. Kisha yakaja maneno ya kona. Frouwke ni mtu ambaye hata barabara ikiwa tupu kutoka upeo hadi upeo husubiri taa ya waenda kwa miguu iwake kijani. Alivaa miwani, akayasoma, akavua miwani, akahamia kiti kinachoipa kompyuta mgongo. Toka siku hiyo alikunywa supu yake akitazama kabati.

"Mama, ni yeye," Jantine alimwambia.

"Sikusema si yeye. Nimesema hajathibitishwa."

"Anakusikia, mama."

"Basi kama anasikia ataelewa. Nimemlea mimi."

Tjaard alielewa, na ndiyo maana ilimuuma zaidi. Hakulalamika. Jambo moja tu alimwomba mkewe. Jumamosi iliyokuwa inakuja Eeke alikuwa anatimiza miaka saba, na siku ya kuzaliwa, kama ilivyo desturi, viti vingepangwa duara sebuleni, na kila mgeni angezunguka duara lote akimpa mkono kila mtu, hongera kwa binti yako, hongera kwa mjukuu wako, hongera kwa mtoto wa jirani yako, mpaka aliyebaki bila hongera awe paka peke yake. Baba akirukwa kwenye duara na mama yake mzazi, kila mtu ataona. Mtoto naye ataona.

"Mwambie anipe hongera yangu," alisema Tjaard. "Baada ya hapo anigeuzie mgongo mpaka masika."

"Hawezi, mpaka hayo maneno yatoke."

"Basi yatoeni."

Jioni ile Okko alikuja na kiti chake mwenyewe, maana viti vya Jantine anadai vinamuumiza kiuno, na wakaanza kuyatoa.

Kwanza waliizima kompyuta na kuiwasha. Tjaard alikwenda na kurudi, nywele zimemsimama. Maneno yalibaki.

Kisha Okko alisema waangalie tarehe, kwa sababu bodi mpya huja na saa yake, na saa ikiwa si sahihi leseni haikubali. Kweli ilikuwa imerudi nyuma. Betri ya ile bodi ilikuwa imechoka, na mara hii kompyuta ilipowaka saa ilikuwa imeteleza miaka kumi. Walipoinua macho, kwenye benchi alikuwa amekaa kijana hana ndevu, mwembamba, mguu mmoja juu ya mwingine. Alimtazama Jantine kwa adabu.

"Samahani, dada," alisema. "Tunafahamiana?"

"Bado," alisema Jantine.

Okko alijikohoza, akasema anakwenda kutafuta betri, akakaa nje muda mrefu kuliko inavyohitajika kutafuta betri. Jantine alibaki na kijana. Alikuwa bado hajampenda mtu. Moyo wake ulikuwa mzima, na alipiga mluzi wimbo ambao baadaye angeusahau. Jantine alimuuliza kama huwa anaendesha baiskeli. Akasema huendesha sana, hasa upepo ukiwa wa mbele, anapenda kushindana nao.

"Usishindane nao," alisema Jantine.

"Mbona dada unaongea kama mama yangu?"

Jantine alicheka mpaka macho yakamlowa. Pale juu, kwenye chumba cha watoto, alimsikia Eeke akijisomea kwa sauti, neno kwa neno, na yule kijana akatega sikio.

"Una mtoto?" aliuliza.

"Ninaye."

"Ana sauti nzuri."

Jantine akajua kwamba akiiacha saa ile pale ilipo, mume atakuwa mzima na mtoto hatakuwa na baba. Alifungua dirisha dogo la tarehe, akausogeza mwaka mbele, mmoja baada ya mmoja. Kijana akaota ndevu, akanenepa kidogo, akavaa sweta la bluu. Ilipofika Februari ile aliyofariki, alishika kifua, akainama. Jantine akabonyeza haraka. Tjaard akanyanyuka, akavuta pumzi.

"Imepita," alisema.

Okko alirudi na betri, akaifunga. Saa ilikuwa sahihi. Maneno yalibaki.

Baada ya hapo waliingiza namba ndefu ya kibandikoni, Okko akiwa amepiga magoti na tochi, Jantine akiandika. Kompyuta ikajibu kwamba namba hiyo ni halali lakini inatumika kwenye mashine nyingine.

"Mashine nyingine ipi?" Jantine aliuliza. "Ni ile iliyoungua. Iko kwenye ndoo yako ya vyuma chakavu."

"Kwao wao bado inafanya kazi," alisema Okko. "Wala haijafa rasmi." Alikuna shingo. "Unajua, shemeji, yangu mimi niliichota bure mtandaoni, ya wizi kabisa. Mwaka wa sita huu. Haijawahi kuniuliza hata jina."

"Na haikuandikii konani?"

"Wapi! Kila nikiiwasha inaniambia karibu."

"Mwizi mkubwa we!" alisema Tjaard kutoka ukutani, lakini kwa upendo.

"Angalau mimi nimethibitishwa," alisema Okko.

Siku ya pili Jantine alipiga simu ya kampuni. Alijibiwa na sauti iliyorekodiwa, ya mwanamke mpole, ikamwomba asome namba zilizo kwenye skrini fungu kwa fungu, na baada ya kila fungu ilisema "asante" kama mtu anayepokea sahani. Iliuliza nakala imewekwa kwenye kompyuta ngapi. Moja, alisema Jantine. Sauti ikapumua, ikasema haijaweza kumsaidia na imesikitika, na kweli ilisikika imesikitika. Ikampeleka kwa mtu.

Yule mtu alikuwa na lafudhi ya kusini na sauti changa. Alisikiliza habari ya radi mpaka mwisho.

"Leseni iko kwa jina la T. Bolhuis," alisema. "Naweza kuongea naye?"

Jantine aliweka simu kwenye spika, akaisogeza karibu na skrini.

"Bolhuis hapa," alisema Tjaard.

"Habari za mchana, bwana. Tarehe ya kuzaliwa?"

Tjaard akaitaja.

"Sahihi. Lakini naona hapa, bwana, kwamba umefariki."

"Ndiyo, Februari."

"Poleni sana nyote wawili." Kikasikika kibodi. "Shida ni kwamba, bwana, haki ya kutumia ilikuwa yako kwenye mashine yako. Mashine imekufa, na wewe umekufa. Haki haihamii kwenye mashine nyingine kwa ombi la marehemu."

"Na kwa ombi la mjane?" aliuliza Jantine.

"Mama, wewe hukununua."

"Lakini imenunuliwa! Fedha mlipokea. Hakuna aliyeiba kitu."

"Hakuna anayesema mmeiba, mama. Tunasema haijathibitishwa tu." Kisha akashusha sauti, kama mtu anayeangalia iwapo bosi yuko karibu. "Tunao wengi kama bwana Bolhuis. Wa kwenye ukuta, na wengine hata kwenye ile picha inayocheza mashine ikiwa imelala. Naweza kukufungulia leseni mpya kwa jina lako, leo hii. Ila mfumo utaanza upya, na vilivyomo vyote vitafutika. Ukuta utakuwa wa kampuni, picha ya kilima. Kizuri, ila hakuna mtu."

Jantine alimtazama Tjaard. Tjaard alitazama viatu vyake na maneno yaliyokuwa karibu navyo.

"Amua wewe, mama Eeke," alisema. "Ukiwa na ukuta halali, mama yangu atakaa akiutazama."

"Atatazama kilima," alisema Jantine. Akamshukuru yule kijana wa kusini, naye akamtakia siku njema, na simu ikakatika.

Jumamosi ilikuja na mvua nyembamba. Jantine alipanga viti duara, akatundika bendera ndogo za karatasi, na meza ya kompyuta akaivuta kidogo ili nayo iwe kwenye duara, kati ya kiti cha dada yake na dirisha. Eeke alimvalisha baba yake kofia ya karatasi kwa kuichora juu ya picha, na Tjaard akairekebisha ikae upande. Kengele ya kwanza ilipolia Jantine aliurudisha ukuta. Walikuwa na saa moja, na saa moja yatosha duara kuzunguka mara mbili na kahawa ikanyweka.

Asichokipigia hesabu ni watu wenyewe. Lutjewerd hakuna arukaye mtu kwenye duara, hata nyumba ikiwa inaungua. Kila aliyeingia alianzia mlangoni, akampa mkono kila mmoja, na aliyempa mkono alisimama, na akisimama mmoja jirani yake husimama pia, kwa heshima. Okko na mkewe Gepke walizunguka. Dada yake Jantine alizunguka. Majirani wa ng'ambo ya mfereji walizunguka, wakafika kwa Tjaard, wakagusa kioo kwa vidole.

"Hongera kwa binti yako, Tjaard. Ndevu zimekukaa."

"Asante, asante. Chukueni keki."

Frouwke aliingia wa mwisho, kwa saa kamili aliyoalikwa, kama kawaida yake, jambo lililowafanya wengine wote waonekane wamewahi kwa uroho. Alikuwa amejitanda shali ya sufu. Alimbusu Eeke mara tatu, akaanza kuzunguka. Kwa Gepke alisimama kuuliza habari za goti. Kwa jirani wa ng'ambo alisimama kuuliza habari za ng'ombe. Jantine aliitazama saa ya ukutani, akamtazama mumewe, ambaye alikuwa amesimama kando ya benchi, kofia ya karatasi mkononi.

"Bibi Frouwke," alisema Okko, "leo si ungeanzia huku upande wa dirishani? Muda unakwenda."

Watu wote walimtazama kama mtu aliyeweka kiwiko kwenye supu.

"Nitafika nitakapofika," alisema Frouwke. "Na wewe Okko, hongera kwa mtoto wa jirani yako. Umepungua."

"Ni shati, bibi."

"Shati halipungui."

Alimpa mkono dada yake Jantine. Sasa mbele yake palikuwa na meza. Hata wale waliokuwa na keki mdomoni waliacha kutafuna. Eeke alikuja akasimama kando ya bibi yake. Frouwke alivaa miwani, na jicho lake likaanzia chini, kulia. Akasoma. Kisha akapanda polepole, viatu, suruali, sweta la viwiko vilivyochakaa ambalo alilifuma yeye, mpaka usoni.

"Mama," alisema Tjaard.

Mkono wa Frouwke ulikuwa bado uko chini, umeshika ncha ya shali. Saa ikatimia, na ukuta ukawa mweusi, yakabaki maneno meupe tu ya konani.

Jantine alinyoosha mkono kushika kipanya.

"Acha," alisema Frouwke.

"Ni kubofya tu, mama, atarudi."

"Nimesema acha." Aliinama karibu na kioo, akakichungua kushoto na kulia kama mtu anayeangalia kisima. "Walichokikataa ni nakala. Mimi sioni nakala hapa. Naona giza, na giza hakuna aliyeandika kwamba halijathibitishwa kuwa giza." Akajinyoosha, akavua miwani, akaweka kiganja chote kwenye kioo, umeme mdogo ukatatarika. "Hongera kwa binti yako, Tjaard."

Ndani ya weusi, kwa mara ya kwanza, ikasikika sauti ya mtu anayefuta pua kwa mkono wa sweta.

"Asante, mama. Nawe hongera kwa mjukuu wako."

"Asante."

Watu wakaketi. Kahawa ikamiminwa, Eeke akapewa kipande chenye ua la sukari, na mazungumzo yakarudi kwenye mvua na bei ya maziwa. Frouwke hakuketi kwenye kiti kinachotazama kabati. Alivuta kingine, akakaa ubavuni mwa skrini na kikombe chake, akaanza kumpa mwanawe habari za kanisani zilizokuwa zimelimbikizana tangu Oktoba. Zilikuwa nyingi. Jantine aliona ni vizuri asiguse kitu.

"Huko kuna baridi?" Frouwke aliuliza baadaye, alipofika kwenye habari za ubatizo.

"Wakiupaka mweusi, kidogo," alisema Tjaard.

Frouwke aliweka kikombe chini, akavua shali yake, akaitandaza juu ya skrini, akaivutavuta huku na huku ili imfunike vizuri mabegani. Kwenye kona ya chini, kulia, aliikunja kwa uangalifu, akaipiga pasi kwa kiganja, maneno ya kampuni yasizibwe.